Chukua na Viatu Vyako

Mwaka ule wa sabini na mbili Ozella Mabry alikuwa mwanamke mwenye furaha, na furaha hiyo ilikuwa inamharibia kazi.

Hakuna aliyethubutu kumwambia hivyo isipokuwa Thurman Gilliam, mwenye studio, ambaye hakuzoea kuzungukazunguka mbuyu. Miaka minne nyuma Ozella alikuwa ameachwa. Mume wake wa kwanza, Dewitt, aliaga kuwa anakwenda St. Louis kutafuta kazi, akaondoka na radio na pasi, na hakuna mtu anayekwenda kutafuta kazi amebeba pasi. Ozella alimeza uchungu huo siku za wiki katika dobi la hospitali, Jumapili akautapika kwenye kwaya, mpaka Thurman akamsikia na kumsimamisha mbele ya kipaza sauti. Wimbo ulikuwa mmoja tu, kwenye sahani ndogo ya santuri, lakini ulipigwa katika kila saluni na kila kibanda cha samaki wa kukaanga kuanzia Memphis mpaka Chicago. Watu walimpenda kwa sababu alilia vizuri.

Kisha akaolewa na Lonzo Mabry.

Lonzo alikuwa fundi wa makochi, mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kushika misumari midogo mdomoni wakati wa kazi, ndiyo maana hata alipokuwa hana msumari alisema kidogo. Saa kumi na moja na nusu alikuwa nyumbani. Jumamosi aliamka kabla ya mkewe, akakaanga nyama na mayai, akamletea kahawa kitandani. Ozella alinenepa, akaanza kuimba nyimbo za kuchekesha huku akiosha vyombo. Kwa miaka mitatu hakupata hata siku moja ya kulia ipasavyo.

Sasa kampuni ya New York iliyokuwa ikisambaza sahani za Thurman ilitaka albamu nzima. Nyimbo kumi, zote za machozi. Thurman alizinunua kwa watunzi, akawaita wapigaji, akawasha mitambo katika lile jengo lake lililokuwa zamani kiwanda cha barafu na ambalo, hata mwezi wa saba, kilele cha joto huko, baridi haikuwahi kulitoka. Nyimbo tisa zilipita, si kwa sifa bali kwa sababu siku zilikuwa zinakwisha. Wa kumi ulikataa. Nao ndio uliobeba albamu nzima, mpaka jina: "Chukua na Viatu Vyako." Ulimhusu mwanamke anayemkuta mumewe anafungasha, naye badala ya kumzuia anakaa chini kumsaidia, anakunja shati moja moja, mpaka anafika kwenye viatu.

Ozella aliuimba bila kukosea noti, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani.

Thurman alijaribu kila njia. Alimkumbusha Dewitt, lakini Ozella alipoikumbuka ile pasi alicheka mpaka akahitaji maji. Akamwuliza juu ya mazishi ya baba yake, naye akasimulia jinsi mjomba wake alivyosinzia akaangukia maua, wapigaji wote wakashika mbavu, na nusu siku ikapotea. Mwishowe Thurman akamwendea Lonzo karakanani, akamwomba, kwa ajili ya sanaa, agombane na mkewe kidogo Ijumaa jioni. Asimguse wala kumtukana. Amuudhi tu.

Lonzo alitoa misumari mdomoni, akaipanga mezani, akafikiri. Alikuwa anampenda Thurman na alitaka albamu ifanikiwe. Ijumaa, wakati wa chakula, akasema mboga ya sukuma ina chumvi nyingi. Ozella akaionja, akasema kweli mume wangu, nisamehe, akaongeza supu. Lonzo alijisikia vibaya kiasi kwamba aliosha vyombo wiki nzima.

Hali ilikuwa hivyo mpaka Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa saba, gego la Ozella la chini upande wa kushoto lilipoanza kupwita. Ijumaa shavu likavimba. Daktari wa meno alikuwa amesafiri, harudi mpaka Jumatatu. Jumamosi asubuhi Lonzo alimchovyea pamba katika mafuta ya karafuu, akamwambia asiende studio. Lakini wapiga tarumbeta walikuwa wamekwisha kuitwa kutoka Nashville, na Ozella hakuwa mtu wa kuwarudisha watu njiani. Akajifunga kitambaa kichwani kuficha uvimbe, akaenda.

Siku hiyo hakuweza kufungua mdomo sawasawa. Sauti ilimtoka upande mmoja, chini, nzito, kama mtu anayesema siri asiyotaka kuisema. Kila alipofika kwenye neno "viatu," ulimi ulikwenda ukaligusa gego, na sauti ikapasuka, ikapanda mahali ambapo mtunzi hakuiandika, ikabaki huko ikitetemeka mpaka maumivu yapungue. Machozi yalimtiririka asiyafute. Mpiga kinanda alivua miwani. Nyuma ya kioo Thurman alisimama ameshika kofia kifuani kama mtu aliyepishana na jeneza.

Waliurekodi mara moja tu. Ulipokwisha, Thurman aliingia, macho mekundu, akamwuliza kwa upole, "Dada yangu, ulikuwa unamfikiria nani?"

"Gego," alisema Ozella.

Thurman akavaa kofia yake. Kisha akamwomba, kwa heshima zote, asimwambie mtu mwingine.

Jumatatu gego liling'olewa. Lonzo alikaa pale pale chumbani kwa daktari, mkono mmoja umeshika mkoba wa mkewe na mwingine umeshika mkono wake.

Albamu ilitoka mwezi wa tisa. Mtangazaji wa radio aliupiga ule wimbo, akaupiga tena, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kisha akasema kuwa mwanamume aliyemtenda mwanamke huyu hivi bila shaka anaishi humu humu mjini, na Mungu anaijua nyumba yake. Wanawake walipiga simu mpaka usiku. Gazeti likaandika kuwa huu si wimbo, ni ushahidi uliotolewa mahakamani. Dukani sahani ziliisha Jumanne, zikaletwa nyingine, zikaisha Ijumaa. Ozella alifurahi kama mtoto, akanunua gauni la kijani, akampikia Lonzo kambare.

Jumapili hiyo baada ya ibada akina mama wa kanisa walifika nyumbani na vyakula, kama watu wanaokwenda msibani. Kuku, mkate wa mahindi, pai tatu za viazi vitamu. Walimpita Lonzo mlangoni bila salamu. Mkuu wao, Dada Corine, aliyekuwa amezika waume wawili na hakuna aliyemsikitikia, alimshika Ozella mikono yote miwili.

"Mwanangu, sisi hatuulizi kitu," alisema. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ila ujue chumba cha nyuma kwangu kiko wazi, na kufuli ninayo."

"Dada Corine, mimi na Lonzo hatuna neno lolote."

"Ndivyo tunavyosema sote, mwanangu. Kula pai."

Mchungaji naye, katika sala, alimwombea ndugu mmoja aliye katikati yetu, ambaye hakutaka kumtaja, na aliyeketi safu ya sita karibu na dirisha. Safu ile, kutokana na mambo yalivyokuwa, aliketi Lonzo peke yake. Kwenye ukumbi wa biliadi mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana huko wanaume walimkaribisha, wakamnunulia soda, wakamwuliza kwa sauti ya chini anafanyaje mpaka mwanamke anamlilia namna ile. Lonzo aliwaambia ukweli, kwamba huwa anampikia mayai. Wakaangua kicheko, wakasema mtu huyu ni hatari, anaficha mbinu zake.

Mama yake Ozella, Mama Ludie, alisikia wimbo huko Marianna, ng'ambo ya mto, katika jimbo la Arkansas, kwa jirani mwenye radio. Alifika kwa basi siku ya pili na sanduku moja na kikaango cha chuma. Hakusema kikaango ni cha kupikia.

Ozella akaona heri aseme ukweli hadharani. Thurman alimsihi asifanye hivyo, lakini alipoitwa radioni kwa mahojiano, na mtangazaji akamwuliza ni jeraha gani lile tulilolisikia, alisema lilikuwa jino. Mtangazaji alicheka mpaka akalazimika kuweka tangazo la sabuni. Kufikia jioni habari ilikuwa imezunguka Memphis nzima, ila njiani ilikuwa imebadilika kidogo. Watu walikuwa wanasema masikini, kumbe anampiga mpaka meno yanatoka. Wengine walikuwa na mashahidi, watu waliomwona kwa macho yao mwezi wa saba na kitambaa kichwani, shavu limevimba hivi.

Lonzo aliyavumilia hayo yote. Alikuwa mtu wa kuvumilia, na alijua mikono yake mwenyewe haijawahi kumgusa mkewe kwa ubaya. Kitu alichoshindwa kukivumilia ni ile sahani.

Ozella alianza kuona kuwa anapotoka dobini anamkuta mumewe amekaa mbele ya santuri. Mwanzoni alidhani ni fahari. Siku moja, mwanzoni mwa Novemba, alimkuta anaurudia wimbo ule ule, anainua sindano, anaiweka pale pale kwenye neno "viatu." Mama Ludie alikuwa jikoni, akijifanya hasikii.

"Huyu ni Dewitt," Lonzo alisema bila kugeuka.

Ozella alivua koti. "Ni gego, Lonzo. Wewe mwenyewe ulinishika mkono."

"Nilikushika. Na nililiona gego lenyewe kwenye kisahani cha daktari. Lakini gego linamfanya mtu apige kelele, mke wangu. Halimfanyi mtu aimbe hivi." Aliinua sindano tena. "Miaka mitatu nimelala pembeni yako, sijawahi kuisikia sauti hii. Mimi sijawahi kuipata. Ulikuwa umeiweka wapi?"

Ozella alifungua mdomo kumjibu, na jibu halikuja mara moja. Maana hilo swali alikwisha kujiuliza mwenyewe, akiwa amesimama katikati ya mashuka ya hospitali, na hakupata jawabu. Hakumtaka Dewitt. Hata uso wake ulikuwa umeanza kumtoka akilini. Lakini maumivu ya jino yanatoka mahali pa jino, na ile sauti haikutokea hapo, ilipitia tu. Wakati anatafuta namna ya kulisema hilo bila kumwumiza, Lonzo alihesabu ule ukimya, akauona ni mrefu wa kutosha.

Hakugombana. Alitia nguo mbili katika mfuko wa vifaa vyake, akasema anakwenda kwa dada yake Clarksdale, kuna makochi ya kanisa yanahitaji kitambaa kipya. Ozella alimfuata mpaka barazani akiwa na soksi miguuni. Gari la Lonzo lilipokata kona, Mama Ludie alitoka jikoni akifuta mikono, uso umetulia kama mtu aliyelipwa haki yake.

"Lisemwalo lipo," alisema. "Na kama halipo, laja."

Wiki mbili zilipita. Lonzo alipiga simu mara mbili, mara zote kuuliza kama bomba la jikoni bado linavuja. Ozella alijibu ndiyo, linavuja, na wote wawili wakakaa kimya kwenye simu ya gharama mpaka mmoja akaaga.

Tamasha kubwa lilikuwa limepangwa Jumamosi kabla ya Sikukuu ya Shukrani, ile ya Alhamisi ya nne ya Novemba, katika ukumbi wa manispaa. Thurman alipopata habari kuwa Lonzo ameondoka, alivua kofia akampa Ozella pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Lakini mdomo uliposikitika, macho yaling'aa. Hakuweza kujizuia. Alimwambia, "Sikuombei mabaya, dada. Ila ile siku ulikuwa na jino tu, na tazama ulichofanya. Sasa hivi ulivyo, ukisimama pale, Mungu wangu, watabebwa kwa machela."

Watu walijaa mpaka ngazini. Wanawake walikuja na leso za akiba. Dada Corine na wenzake walikaa mbele, wamevaa nyeupe. Ozella, katika gauni la kijani, aliimba zile nyimbo tisa, watu wakapiga makofi ya kungojea. Kisha kinanda kikaanza polepole, ukumbi mzima ukavuta pumzi.

Uchungu ulikuwepo, hakuna aliyeweza kumlaumu kwa hilo. Ulikuwa umemjaa mpaka shingoni. Lakini uchungu wenyewe ulikuwa hauimbiki. Sauti ilikuwa kavu, haipandi. Alipofika kwenye kukunja mashati, aliona mfuko wa vifaa na nguo mbili zilizotupwa ndani bila kukunjwa, na ubeti wa pili ukamtoka kichwani wote, akaurudia wa kwanza. Wapigaji wakatazamana, wakamfuata. Kwenye neno "viatu," pale watu walipokwisha kushika leso, alilisema tu, kama unavyosema viatu. Kamasi zilimtoka, akafuta pua kwa mkono wa gauni jipya. Alimaliza kabla ya wapigaji kumaliza, akasimama ameinamisha kichwa, akingoja wamfikie.

Makofi yalikuwa ya adabu. Safu ya mbele, mwanamke mmoja alimnong'oneza Dada Corine kuwa labda ana mafua. Dada Corine alikuwa amevunjika moyo kuliko wote, alisema kumbe kule studio huwa wanachezea mashine. Thurman alisimama pembeni ya jukwaa, uso ndani ya kofia. Na kesho yake gazeti lile lililoandika habari ya ushahidi mahakamani liliandika kuwa Bibi Mabry ana sauti nzuri, lakini jukwaani aliimba kama mwanamke ambaye maishani mwake hajawahi kuachwa.

Ozella alikuwa anaisoma sentensi hiyo kwa mara ya tatu, mezani jikoni, Mama Ludie yuko kanisani, mlango wa nyuma ulipofunguliwa. Lonzo aliingia na spana mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye bomba, akapiga magoti. Alifanya kazi kitambo ndipo akasema, kichwa kikiwa chini ya sinki.

"Jana nilikuwepo. Juu kabisa, nyuma ya nguzo, Dada Corine asinione."

"Basi uliona nilivyoharibu."

"Uliurudia ubeti wa kwanza."

"Najua, Lonzo."

"Ukafuta pua kwa mkono wa gauni." Alitoka chini ya sinki, akakaa sakafuni, miguu yake mirefu imefika mpaka jiko. "Siku tuliyomzika mama yangu ulisimama kusema neno, ukasahau jina lake. Ukamwita Mama wa Watu. Ukafuta pua kwa sweta yangu, si yako. Watu walikushangaa. Mimi nilijua hapo ndipo umelia kweli. Jana nilipokuona pale juu unababaika, nilijua anayeliliwa ni mimi. Yule wa kwenye sahani simjui."

Ozella aliliweka gazeti chini. Angeweza kuliacha jambo pale, na mtu mwerevu angeliacha. Lakini lile swali la mbele ya santuri lilikuwa bado halijajibiwa.

"Siwezi kukuapia kuwa ni gego peke yake," alisema. "Dewitt hayumo, hilo naweza kuapa. Lakini kuna vitu vimo. Baba yumo. Miaka ya dobi imo. Vingine sivijui majina. Jino liliniuma, vyote vikatoka kwa mlango mmoja. Sikukuficha. Na mimi sikujua vipo."

Lonzo aliigeuzageuza spana. Alichukua muda wake, kama alivyokuwa akipima kitambaa kabla ya kukata.

"Mimi nilidhani umempa mtu mwingine kitu ulichoninyima," alisema mwishowe.

"Nimekunyima nini, mwanamume wewe? Maumivu ya jino?"

Hapo Lonzo alicheka, na Ozella akacheka, na bomba, lililokuwa halijakazwa sawasawa, likaendelea kudondosha maji juu ya spana.

Albamu iliendelea kuuzwa, maana watu wengi zaidi waliisikia radioni kuliko waliofika ukumbini. Ila kurudi kwa Lonzo kulileta tatizo jipya kanisani. Akina mama walikuwa wamefunga siku tatu wakiomba atubu, na sasa karudi, nyumba imetulia, na sala iliyojibiwa haiwezi kuachwa bila shukrani. Jumapili iliyofuata Mchungaji alimwita mbele. Ozella, kutoka kwenye kwaya, alimtikisia kichwa kwamba asiende. Lakini Lonzo aliinuka safu ya sita, akatembea mpaka mbele, akasimama mikono nyuma.

Mchungaji alimwuliza, mbele ya Mungu na mbele ya watu, kama ameyaacha yale aliyokuwa akiyatenda.

Lonzo aliifikiria ile sahani, na safari ya Clarksdale. Alikuwa mtu mkweli na hakutaka kusema uongo kanisani.

"Mchungaji," alisema, "siyatendi tena."

Kanisa zima liliitikia amina. Dada Corine alilia kwa sauti, akamkumbatia, akamsamehe yeye na wanaume wote. Mama Ludie, aliyekuwa amekata tiketi ya basi la saa nane, alimpa mkono kwa mara ya kwanza tangu harusi. Na kwenye kwaya Ozella aliinamia kitabu cha nyimbo kuficha kicheko, mabega yanamtetemeka, machozi yanamtoka, na walioketi karibu walipeana viwiko wakaambiana wamtazame, huyo ndiye sasa, hicho ndicho kilio chenyewe, laiti Thurman angekuwepo na mashine zake.